Askari Ambaye Hakufika Bama

Msomaji mpenzi, kama ukoo wenu unatoka pande za Kakamega, kuna uwezekano mkubwa kwamba humo ndani yuko mzee aliyekuwa keya. Labda ni babu, na kwa ninyi wanafunzi huenda ni baba yake babu. Jina hilo lilizaliwa na herufi tatu za Kizungu, K.A.R., yaani kikosi cha King's African Rifles, na baadaye likaenea likawa jina la kila Mwafrika aliyevaa sare ya mfalme. Mzee mwenyewe aghalabu husimuliwa nyumbani kwa sentensi moja tu: "Huyo alienda vitani." Alienda vita vya wapi, alifanya kazi gani na alirudi vipi, hakuna anayejua.

Wale waliofika Bama, kama wazee walivyoiita Burma, angalau waliacha masimulizi. Mvua ya huko, ruba, Mjapani aliyejificha juu ya mti. Mambo haya yamesimuliwa hata na watu ambao hawakuyaona. Lakini leo nataka tumzungumzie mwenzao asiyetajwa. Ni yule aliyevaa kaptura ya khaki, akala kiapo, akapewa nambari, kisha akatumikia Vita Vikuu vya Pili tangu mwanzo hadi mwisho bila kuvuka mpaka wa Kenya. Wazee walipoketi kuzunguka chungu cha busaa, kila mmoja na mrija wake, huyu hakuwa na Mjapani wa kusimulia. Ndiyo maana wajukuu wake wengi wanadhani hakufanya lolote.

Hebu tumtazame vizuri.

Ili umwelewe, inafaa uanze na baba yake. Katika vita vya kwanza, vya 1914 hadi 1918, wanaume wa Nyanza (Kakamega ilihesabiwa huko wakati ule) walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi hadi Tanganyika. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wetu ukalifanya jina hilo Karia, au Kariokor. Ukishuka Kariokor jijini Nairobi kununua vyondo au kula nyama choma, umesimama juu ya jina la wapagazi hao. Walikufa wengi mno, na waliouawa na kuhara, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti ya Aprili 1921, la, ya karne hii hii yetu, Aprili 2021, kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita hivyo hawakuandikwa majina popote. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Karne nzima ilipita ndipo neno hilo likasemwa!

Basi vita vya pili vilipotangazwa mnamo Septemba 3, 1939, mama wa Isukha au Maragoli aliyesikia kwamba Serikali inataka vijana hakuhitaji redio kumweleza hatari iliyopo. Alikuwa amekwisha kumzika kaka, au hata hakumzika, maana hakuna mwili uliorudi.

Hata hivyo vijana walienda. Walisukumwa na nini? Usidhani ni mapenzi ya mfalme tu. Kakamega ya miaka hiyo ilikuwa mji mdogo wenye jina kubwa. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1931, Wazungu wakamiminika na mahema yao, na migodi kama Rosterman ikawameza vijana wa karibu. Kijana aliyezoea kuingia shimoni alfajiri kwa ujira mdogo hakuona ajabu kubadilisha msimamizi. Kulikuwa na kodi ya nyumba ya kulipwa kila mwaka, na ng'ombe wa mahari walikuwa hawapatikani bila fedha. Jeshi lilikuwa na mshahara, chakula, blanketi na sare. Ukweli pia ni kwamba si wote waliojitolea. Machifu walitakiwa kuleta watu, na wakawaleta. Kuanzia mwaka 1942 sheria iliruhusu hata raia kuchukuliwa kwa lazima kwenda kufanya kazi katika mashamba ya masetla, kazi ambazo Serikali iliziita za lazima kwa vita. Elijah Masinde wa Kimilili, eneo lililotawaliwa wakati huo kutoka Kakamega, ndiye aliyesimama hadharani kulipinga jambo hilo. Alikuwa mchezaji mpira hodari aliyewahi kuichezea Kenya. Serikali iliishia kumpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akatoka mwaka 1947.

Kutoka Kenya peke yake walioingia jeshini katika vita hivyo hukadiriwa kuwa karibu 98,000. Katika Afrika Mashariki nzima walipita 300,000. Hebu fikiri, msomaji: je, wote hao wangeweza kuwa Bama siku moja? Jeshi ni kama arusi. Wanaoonekana ni bwana na bibi arusi, lakini kuna anayechanja kuni, anayeteka maji, anayelinda viatu mlangoni na anayeendesha gari la kuleta wageni. Bila hao hapana arusi.

KENYA ILIKUWA GHALA LA VITA

Nairobi ndiko makao makuu ya jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki yalikokuwa. Gilgil, Nanyuki na Lang'ata zilijaa kambi. Mapema mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Colombo kule Ceylon, Waingereza walihamishia manowari zao Kilindini, na katika shule ya Allidina Visram pale Mombasa wakaweka wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Bandari, reli, ghala za petroli, hospitali za jeshi, karakana za malori: vyote hivyo vilihitaji watu usiku na mchana.

Wala usidhani kwamba aliyebaki Kenya alikuwa mbali na moto. Mwaka 1940 Waitaliano waliokuwa wakiitawala Ethiopia na Somalia waliingia nchini mwetu. Moyale ilitekwa mwezi wa Julai mwaka huo baada ya keya waliokuwa ngomeni kuzingirwa na kutoroka usiku. Ndege zao zilitupa mabomu Wajir, na hata Malindi ikapigwa. Barabara za kaskazini, zile ambazo majeshi ya Waingereza yalipitia mwaka 1941 kwenda kuwatoa Waitaliano Ethiopia, zilitengenezwa na vibarua wa jeshi kwa sururu na karai. Kikosi chao kiliitwa Pioneer. Huku kwetu magharibi neno hilo likatamkwa panyako, na hata leo utamsikia mzee akisema "wakati wa panyako" akimaanisha vita hivyo. Panyako alibeba mawe katika jua la Marsabit. Hakuna sinema iliyotengenezwa kumhusu.

Mwanajeshi wa Kakamega alijikuta pia akijifunza lugha. Amri, madarasa na matusi ya sajini vilikuwa kwa Kiswahili, Kiswahili cha aina yake ambacho walimu wetu wa sarufi wasingekipa alama nyingi, lakini kilisikika kutoka Nyasaland hadi Garissa. Kijana aliyeondoka kwao akijua Kiisukha tu alirudi akisoma gazeti. Baraza lilikuwa limeanza kuchapishwa Nairobi mwaka ule ule wa 1939. Tukubali, sisi tunaokula kwa kalamu ya Kiswahili, kwamba baadhi ya wasomaji wetu wa kwanza huko bara walitengenezwa na sajini.

Kambini humo humo Mnyore, Mtiriki, Mkabras, Mwanga na Mbukusu walilazwa bweni moja. Makarani wa jeshi waliwaandika wote "Kavirondo", pamoja na Wajaluo, kwa sababu wilaya yao iliitwa North Kavirondo hadi mwaka 1948. Mimi nafikiri kwamba katika mabweni yale ndimo wengi wao walianza kujiona kuwa kitu kimoja, Waluhya, jina ambalo wakati huo lilikuwa bado changa.

ALIYEMHESABU MZUNGU

Sasa tufike kwenye kazi ambayo, kwa maoni yangu, ilikuwa ya ajabu kuliko zote. Ethiopia ilipokombolewa mwaka 1941, mateka wa Kiitaliano waliletwa Kenya kwa makumi ya maelfu. Walitiwa katika makambi ya Nanyuki, Gilgil, Naivasha, Londiani, Nyeri na kwingineko. Hata mtawala wao mkuu katika Ethiopia, Duke wa Aosta, aliletwa huku akiwa mateka, akafariki Nairobi Machi 3, 1942, na kaburi lake liko Nyeri. Waliosimama langoni na juu ya minara ya makambi hayo walikuwa askari Waafrika.

Jiweke mahali pake, msomaji. Nyumbani Kakamega kijana huyu alivua kofia mbele ya Disii. Alitembea na kipande shingoni, ndani ya kikopo cha bati, kama ng'ombe mwenye kengele. Alipoingia dukani alihudumiwa mwisho. Leo yuko Nanyuki, ana bunduki, na kila asubuhi Wazungu wanapanga mstari mbele yake ili wahesabiwe. Akisema simama, wanasimama. Nani aliyemfundisha nini pale? Hakuhitaji kusafiri hadi India kugundua kwamba Mzungu naye huvaa kiraka, hulia akikosa barua ya mkewe, na anaweza kushindwa.

Ukienda Kakamega kwa barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu, kuna kanisa dogo sana kando ya mteremko. Abiria wengi hulitazama mara moja tu na kurudi kwenye simu zao. Kanisa hilo lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa Kiitaliano walioletwa kuitengeneza barabara hiyo. Kila mwandishi wa safari huwataja Waitaliano hao. Basi wewe siku nyingine upitapo, mkumbuke na yule aliyekuwa nyuma yao, amesimama juani, bunduki begani, akiwasubiri wamalize kukoroga saruji.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Felice Benuzzi. Huyu alikuwa mateka katika kambi nambari 354 ya Nanyuki. Kila siku aliuona Mlima Kenya ukimtazama, akachoka kukaa bure. Januari 24, 1943, yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka, si kwa nia ya kwenda kwao, bali kuupanda mlima! Ramani yao ilikuwa picha ya mlima iliyobandikwa kwenye mkebe wa nyama. Benuzzi na Balletto walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya Italia, kisha baada ya siku 18 wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kufungiwa, mkuu wa kambi akawapunguzia zikawa saba kwa kuwa aliupenda uanamichezo wao. Benuzzi aliandika kitabu ambacho kimetafsiriwa na kusomwa dunia nzima.

Ni kisa kitamu, nakubali. Lakini mimi kila nikikisoma huwaza kuhusu askari waliokuwa zamu kambini siku hizo 18. Mateka watatu wamepotea, wahesabuji ni Waafrika, na wakubwa ni Wazungu. Uanamichezo ule uliwafikia na wao? Sijapata kukiona kitabu cha askari wa Nanyuki.

LIKIZO NA BARUA

Kwa mke aliyebaki kijijini, kulikuwa na tofauti kubwa kati ya mume aliye Bama na mume aliye Gilgil. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ipelekwe nyumbani, na mkewe akaifuata ofisini kwa Disii. Barua za wote wawili zilifunguliwa na wakaguzi kabla ya kufika. Lakini wa Gilgil aliweza kupata likizo. Alipanda gari la moshi hadi Kisumu, kisha lori, kisha miguu, kwani Kakamega haikuwa na reli. Alifika na sukari, kanga na sabuni. Kama katika ukoo wenu yuko shangazi aliyezaliwa mwaka 1943 au 1944, sina haja ya kukuchorea ramani.

Lakini ukaribu huo ulikuwa na uchungu wake. Mwaka 1942 na 1943 nchi ilikumbwa na uhaba mkubwa wa chakula, na mahindi yakawa chini ya udhibiti wa Serikali. Aliye Bama alisikia habari hizo miezi mingi baadaye. Aliye Gilgil alikuja likizo akaziona mbavu za watoto wake, kisha siku zake zikaisha, akarudi kulinda ghala lililojaa magunia.

Halafu kulikuwa na bahati, na bahati haina heshima. Mapema Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo. Ndani yake kulikuwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi cha 301. Februari 12 manowari ya Kijapani ya chini ya maji iliipiga, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300. Waliowapakia melini, wakawapungia mkono na kurudi kulinda bandari, waliishi wakawa babu zetu. Mtu akikuambia kwamba babu yako alikuwa mwoga kwa kuwa alibaki, mwulize kama askari huulizwa na jeshi anapenda kwenda wapi.

Hata waliobaki hawakurudi wote. Yako makaburi ya vita Gilgil, Nanyuki na Thika, yenye mawe yaliyopangwa kwa mstari na majani yaliyokatwa vizuri. Humo wamo askari waliokufa humu humu nchini kwa maradhi na ajali.

MALIPO YA KAZI

Vita vilipokwisha mwaka 1945 kila mtu alihesabiwa alichostahili. Waliopigana Ethiopia na Afrika Kaskazini walipata Nyota ya Afrika. Waliofika Bama walipata Nyota ya Burma. Aliyebaki Kenya huenda hakupata nyota. Alistahili nishani ya duara, War Medal 1939–1945, iliyotolewa kwa kila mwanajeshi aliyetumikia angalau siku 28 popote pale. Upande mmoja ina kichwa cha mfalme, upande wa pili simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Utepe wake una nyekundu, buluu na nyeupe. Fikiria sherehe mbele ya Disii: jirani ana nyota mbili kifuani, wewe una joka.

Kuhusu fedha, jambo moja liliwaunganisha wa Bama na wa Gilgil. Mwaka 2019 waandishi wa habari walitoa hadharani hati ya zamani ya Serikali ya Uingereza kuhusu kiinua mgongo cha askari hao. Askari Mzungu wa cheo cha chini alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia. Mwafrika wa cheo hicho hicho alihesabiwa shilingi tatu na nusu. Piga hesabu mwenyewe. Kwa miaka minne, mmoja anaondoka na shilingi 480, mwingine na 168, na wote wawili walikuwa wakimtumikia mfalme mmoja. Habari hizo zilipotoka, wengi waliodaiwa kulipwa walikuwa wamekwisha kufa.

Shilingi hizo zilinunua nini? Kwa wengine zilinunua ng'ombe wa mahari, mabati ya nyumba, cherehani, au hisa katika duka la soko la karibu. Aliyejifunza udereva jeshini alipata lori la kuendesha. Aliyejifunza ukarani au uuguzi alitafuta kazi mjini. Wengine zilikwisha kabla ya mavuno, wakarudi mgodini Rosterman, ambako kazi iliendelea hadi mwaka 1952. Na kipande kilikuwa kinawangoja pale pale walipokiacha. Jana ulikuwa unamhesabu Mzungu, leo polisi anakusimamisha njiani akuulize umeandikwa kazi na nani.

Nadhani hapa ndipo penye siri ya ukimya wa mzee wako. Wa Bama alikuwa na vita vya kusimulia. Huyu alikuwa na aibu ya kutokuwa na vita, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na mambo mazito aliyoyaona na ambayo hakuna aliyemwuliza: Mzungu akilia, chakula kikilindwa na watu wenye njaa, meli ikiondoka. Watoto wakataka Mjapani. Hakuwa naye, akanyamaza.

Sasa wamekwisha, au karibu wamekwisha. Aliyekuwa na miaka 18 vita vilipokwisha angekuwa na karibu miaka mia leo. Kilichobaki ni sanduku la bati chini ya kitanda cha nyanya, pamoja na vyeti vya ubatizo na risiti za kodi. Kila Desemba ukifika nyumbani kuna mtu anayetaka kulisafisha sanduku hilo ili apate mahali pa kuweka nguo. Mzuie. Fungua wewe. Tafuta karatasi ya kuachishwa jeshi, ambayo kwa kawaida ina nambari yake, kikosi chake, tarehe za kuingia na kutoka, na jinsi tabia yake ilivyopimwa. Itazame nishani: ni nyota au ni duara? Kama ni duara peke yake, basi huenda huyu ndiye niliyekuwa nikikueleza. Ipige picha karatasi hiyo pande zote mbili kabla mchwa hawajaisoma.

Kisha mtafute shangazi yule wa mwaka 1943. Usimwulize kuhusu vita, atakuambia hajui. Mwulize alisikia baba yake alikuwa akifika likizo kwa njia gani, na alikuwa amebeba nini.